Pointi Nne za Deusdedith

Vijana wangu, juzi wawili wenu mlinikuta kibanjani nakata majani makavu ya migomba. Mkanisalimia vizuri, halafu mkanionyesha video kwenye simu. Kijana anaruka, anafunga, anaruka tena, anafunga, muziki unapiga. Yote haikufika dakika moja. Mkaniuliza, "Bibi, huyu anaweza kuchezea timu ya kulipwa?" Nikawajibu kwamba sijui. Niliona mlivyotazamana. Nafikiri mliondoka mkisema bibi amezeeka.

Kuzeeka nimezeeka, lakini si kwa sababu hiyo. Hamkuniambia ni timu gani, wala timu hiyo inakosa nini. Na kwenye video yenu sikuona hata mara moja kijana huyo anafanya nini mpira ukiwa kwa mwenzake. Siku ile mvua ilikuwa inakuja na kahawa yangu ilikuwa bado iko nje, sikupata nafasi ya kuwaeleza. Sasa nimekaa, nawaandikia.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Kokushubira. Hapa Kanoni wengi wananiita Mwalimu Koku. Nilifundisha sekondari, na baada ya hapo nikafanya kazi miaka mingi katika timu moja ya mpira wa kikapu Dar es Salaam iliyokuwa ikiwalipa wachezaji mshahara. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vyuoni, vya ualimu, vya uuguzi, vyuo vikuu, kutazama wanafunzi wanaocheza na kurudi na jibu: huyu atatufaa, huyu hatatufaa.

Kazi hiyo sikuiomba. Nilikuwa nakaa meza ya wasimamizi kwenye mashindano, naandika pointi. Kuandika pointi tu kulinichosha, kwa hiyo pembeni ya karatasi nikawa naandika na mambo mengine: nani amepoteza mpira akasimama kulalamika badala ya kurudi kulinda, nani amemwinua mwenzake aliyeanguka, nani ameacha kukimbia robo ya tatu. Siku moja kocha wa timu hiyo, tumwite Kocha Mwinyi, alikuja mezani kuhakiki matokeo. Akasoma pembeni ya karatasi yangu mpaka mwisho, akageuza na nyuma.

"Nani amekufundisha kuandika hivi?"

"Hakuna. Nilikuwa nimechoka kukaa bure."

"Njoo uchokee kwangu," akasema. Mwezi uliofuata nilikuwa kazini kwake.

Mengi niliyojifunza ni mambo madogo, na nayatoa kama yanavyonijia. Fika uwanjani mapema, kabla ya watu. Mchezaji anayepasha mwili moto bila kutazamwa ndiye atakayekuja kufanya mazoezi kwenu. Usikae katikati ya jukwaa. Kaa nyuma ya benchi la timu yake, umtazame anapotolewa. Yupo anayejifunika taulo kichwani na kununa, na yupo anayekaa akiendelea kuwaambia wenzake nani yuko wazi. Ongea na mpishi wa chuo. Walimu watakusifia mtu wao, lakini mpishi atakuambia nani anapanga foleni na nani anawaruka wenzake.

Na urefu upime mwenyewe. Nilikuwa natembea na futi ya fundi cherehani kwenye mkoba. Vyuo vilikuwa vinaniandikia mtu ana mita mbili, nikimsimamisha mlangoni anapungua kama nguo iliyofuliwa. Mmoja alipanda kwa vidole vya miguu huku uso wake umetulia kabisa. Nikamwambia, "Mwanangu, shusha visigino, nimeviona." Akashusha, tukacheka wote wawili. Huyo tulimchukua hivyo hivyo, alikuwa na mikono mirefu.

Siku hizi video zinatumwa kwenye simu na namba zinakuja zimeshapangwa. Hata mimi miaka yangu ya mwisho nilizitumia, sizibezi. Lakini kabla sijaendelea, lazima niwaambie niliyoyafanya kwa Edson.

Edson alikuwa kijana wa Kituntu, anasoma chuo Mwanza. Alikuwa anafunga kutoka popote. Nilimtazama mechi tatu, kila mara watu wanasimama, na mimi nikasimama nao. Niliona fahari, maana ni mtu wa kwetu. Nikamwandikia Kocha Mwinyi ripoti ndefu, na kila nilichoandika kilikuwa kweli. Sikuandika jambo moja tu, kwamba tayari tulikuwa na wawili wanaocheza kama yeye, wakubwa kwake, na wote watatu hawachezi vizuri bila mpira mkononi. Tulichokosa sisi wakati ule ni mtu wa kuwapa hao mipira. Nililijua hilo. Nilidhani mchezaji mzuri akishapatikana, nafasi yake itapatikana tu.

Edson aliacha chuo mwaka wa pili akaja Dar es Salaam. Msimu mzima alikaa benchi. Aliingizwa dakika za mwisho, anapokea mpira mmoja, anarusha kwa haraka kwa sababu hajui kama atapata mwingine, anakosa. Mwisho wa msimu mkataba wake haukuendelea. Nilimsindikiza kituo cha mabasi asubuhi, nimembebea begi moja.

"Mwalimu," akaniuliza, "nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi nani alikosea?"

Basi likaanza kuita abiria, na mimi nikajificha kwenye kelele hizo. Chuo hakurudi. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi, maisha yake si mabaya, na tukikutana Kayanga ananipa shikamoo kwa uchangamfu. Ni hiyo shikamoo inayoniuma. Ningependa siku moja anitukane.

Baada ya hapo nikawa mtu mwingine kazini. Kabla ya safari yoyote nilimwomba Kocha Mwinyi aniandikie kwa mkono wake tunakosa nini, si jina la mtu, kazi tu. Alikuwa anakasirika, anasema namfanya mwanafunzi. Lakini aliandika.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza, mtu wetu wa chini ya kikapu alikuwa amestaafu kwa sababu ya goti. Huyo ndiye alikuwa akizuia njia, akidaka mipira iliyokosa kikapu, ile tunayoita rebaundi, na akiwawekea wenzake mwili ili wapate nafasi ya kurusha. Baada ya kuondoka kwake kila timu ilikuwa inapita katikati yetu kama njia ya kwenda sokoni. Kocha akaniandikia: "Mtu wa kuziba katikati." Lakini nilipokuwa napanda basi akanipigia simu. "Mwalimu, wenye timu wanataka pia awe mfungaji. Watu wanataka jina."

Mashindano ya vyuo mwaka huo yalifanyika hapa hapa Karagwe, pale Kayanga. Nilifikia kwa dada yangu Kanoni. Kwa wiki nzima kila mtu aliniuliza kama nimekuja kumwona Ivan. Ivan alikuwa mrefu, anaruka, anafunga kwa mkono wowote, na anatabasamu huku anafunga. Kwa kweli alikuwa mzuri. Siku ya fainali chuo chake kilicheza na chuo cha ualimu ambacho hakuna aliyekitegemea. Nikakaa nyuma ya benchi na daftari langu.

Robo ya pili niligundua kitu. Ivan alikuwa anafunga, lakini kutoka mbali zaidi na zaidi. Robo ya kwanza alikuwa anaingia mpaka chini ya kikapu. Sasa haingii. Nikaacha kumtazama yeye nikatafuta nani anamfukuza. Alikuwa kijana mwembamba, shingo ndefu, kaptula imemzidi. Anaongea muda wote. Anawaambia wenzake "kushoto, kushoto, nyuma yako", na mambo yakiwa magumu Kiswahili kinamwisha, anahamia Kinyambo, na wenzake wanamwelewa. Mpira ukikosa kikapu, yeye yuko pale unapoangukia. Si kwa kuruka sana. Alikuwa ameshafika.

Mechi iliisha chuo chake kimeshinda kwa tofauti ndogo. Yeye alikuwa na pointi nne. Watu walimbeba mwingine.

Nilimsubiri nje. Alinipa shikamoo, akaniambia anaitwa Deusdedith, wa Bugomora, Kyerwa, mwaka wa kwanza wa ualimu.

"Unajuaje mpira utaangukia wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Natazama unavyotoka mkononi. Akirusha kutoka pembeni, ukikosa unakwenda upande wa pili. Akirusha chinichini, unarudi mbali. Akiwa amechoka, unakuwa mfupi, unagonga mbele."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Mimi sijui kufunga. Nikaona nitafute kitu kingine, wasije wakanitoa."

Nikampima urefu. Nikampa mpira arushe mitupo ishirini kutoka kwenye mstari, ile unayopewa ukichezewa rafu. Akaingiza saba. Niliandika saba. Akaniona naandika akasema, "Jana niliingiza tisa," kwa sauti ya mtu anayetaka haki yake.

Kesho yake nilikwenda kwao. Sikuwa nafanya hivyo zamani, nilianza baada ya Edson. Pikipiki ilinishusha mahali ambapo simu yangu ilinikaribisha nchi jirani wakati bado niko Tanzania, na mbele ni nyasi na ng'ombe mpaka macho yanapoishia. Baba yake, Ta Kamuhanda, kama tunavyowaita wazee kwa heshima huku kwetu, alikuwa mzee mkavu, mwenye maneno machache, msharika wa Kilutheri. Mama yake aliniletea maziwa kwenye kikombe kikubwa akasimama mpaka nimalize.

Nilieleza nilichojia. Ta Kamuhanda akasikiliza huku anatazama ng'ombe wake.

"Mnamchukua mpaka lini?" akauliza.

"Mkataba ni wa msimu mmoja, Ta. Akifaa unaendelea. Asipofaa unaisha."

"Na chuo?"

"Akija sasa, ataacha. Mazoezi ni kila siku, na Dar es Salaam ni mbali."

Sikuishia hapo. Nikamweleza habari za Edson, kuanzia mechi zile tatu hadi kituo cha mabasi. Sikulitaja jina lake, lakini mengine yote niliyasema. Deusdedith alikuwa amekaa pale pale, ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, mzee alinigeukia kwa mara ya kwanza, akaniita kwa neno letu la heshima.

"Waitu mwalimu, umetoka mbali kuja kumwomba mwanangu. Mbona unaniambia maneno ya kunifanya nikatae?"

"Kwa sababu kuna mzazi mwingine sikumwambia."

Mzee akarudisha macho kwa ng'ombe wake. Mama ndiye aliyesema. Alisema mtoto amalize, apate cheti chake mkononi, ndipo aende popote anapotaka. Ta Kamuhanda akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza Deusdedith mwenyewe anataka nini.

"Nataka kwenda," akasema. Halafu akamtazama mama yake. "Lakini nitamaliza kwanza."

Alibakiza zaidi ya mwaka mmoja. Nilipanda kilima kidogo kutafuta mtandao wa nyumbani, nikampigia Kocha Mwinyi. Nilimwambia nimempata mtu wa kuziba katikati, ila tumsubiri.

"Kumsubiri?" akasema. "Mwalimu, mimi naanza ligi mwezi ujao. Niletee Ivan."

"Ivan ni mzuri kuliko huyu."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Hatumhitaji. Atataka mpira, na atakuwa na haki ya kuutaka. Katikati kutabaki wazi vile vile, na yeye atakaa benchi anazeeka. Tumeshafanya hivyo, Kocha."

Alijua namzungumzia nani. Alivuta pumzi, nikasikia. Akaniambia niandike ripoti, nisaini, na nirudi nikaieleze mwenyewe mbele ya wenye timu, maana yeye hatanisaidia.

Hakunisaidia kweli. Kwenye kikao alikaa anatazama dirisha. Niliwasomea: Ivan ni mchezaji mzuri, mfumo wetu hautampa nafasi, Deusdedith tunamhitaji, anafunga vibaya, asubiriwe amalize chuo. Mmoja wao, mtu mwenye heshima zake, akaniuliza huyo wa pili alifunga pointi ngapi fainali. Nikasema nne. Chumba kizima kikacheka, mpaka mleta chai. Mwishowe waliamua wasimchukue yeyote msimu ule, Deusdedith asubiriwe, na wamwombe mchezaji mwingine mzee aliyekwisha kustaafu arudi kuziba nafasi. Yule mwenye heshima akaniambia tukiwa mlangoni, "Huyo mfugaji wako asipofaa, wewe nawe utakwenda."

Msimu ule tuliteseka. Mzee wa watu alikuwa anapumua kama anapanda mlima, na tulimaliza karibu na mkia. Ivan akachukuliwa na timu nyingine ya mjini, isiyokuwa na mfungaji hata mmoja. Wakampa mpira wote. Aling'ara, magazeti yakamwandika, na mashabiki wetu wakawa wananionyesha picha zake nikipita. Yapo majuma niliyoamini kwamba nimekosea mara ya pili, safari hii kwa kuogopa. Nawaambia hili ili msidhani nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na daftari tu.

Deusdedith alikuja alipomaliza, cheti kiko kwenye bahasha ngumu. Mechi yake ya kwanza alipewa mitupo miwili kutoka kwenye mstari. Wa kwanza haukugusa hata chuma. Jukwaa lilicheka. Sikuweza kutazama wa pili. Lakini kufikia katikati ya msimu wale wafungaji wetu wawili walianza kugombania kuwa upande wake mazoezini, na wachezaji huwa hawagombanii mtu asiyewafaa. Kocha Mwinyi akaniletea karatasi ya safari inayofuata, ameshaandika tunachokosa bila kuombwa.

Tulicheza na timu ya Ivan mwishoni mwa msimu. Nani anakwenda hatua ya juu ilikuwa inaamuliwa siku ile. Ta Kamuhanda alikuwa Dar es Salaam, amemleta mke wake hospitali kwa ajili ya macho, na Deusdedith akaniomba nikae na baba yake jukwaani kwa sababu hajawahi kuuona mchezo huu. Mzee alikaa kofia magotini, macho uwanjani. Ivan alifunga sana, kama kawaida yake, lakini wenzake hawakufunga, na tukashinda.

Wakati tunashuka, Ivan akanisubiri chini ya ngazi, taulo shingoni.

"Shikamoo. Ni wewe uliyenikataa Kayanga?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba wewe ni mzuri, na kwetu ungekaa benchi."

Akawatazama wafungaji wetu wawili waliokuwa bado wanapigwa picha. "Ningekaa," akasema. Akanishika mkono, akaenda zake. Nilibaki pale kidogo, mguu mmoja kwenye ngazi. Miaka mingi nilikuwa nimebeba jibu ambalo sikumpa Edson, kwamba kwetu hakuwa na nafasi, na kwa mtu mwingine kabisa, kwenye ile ripoti, nilikuwa nimelitoa kwa wakati.

Ta Kamuhanda alikuwa ananisubiri. Watu bado walikuwa wanaita jina la mwanawe.

"Hakufunga hata moja," akasema.

"Hata moja, Ta. Leo hata moja."

"Na wanamshangilia."

Nikafungua mdomo kumweleza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwaeleza watu kitu kama hicho, nimewaeleza viongozi, waandishi, hata makocha. Akainua mkono kunizuia.

"Ngoja. Yule aliyekuwa anaongea na wewe. Mwanzoni alikuwa anapita katikati. Mwanangu alipoingia, hakupita tena. Alianza kuzunguka kwa nje."

Mimi ilinichukua miaka kuanza kuona hivyo. Yeye mechi yake ya kwanza. Nikamwambia kama angependa, ningemtafutia kazi kwenye timu, akae na mimi nyuma ya benchi.

Akavaa kofia yake. Akasema anashukuru, lakini keshokutwa ana ng'ombe wa kupeleka josho.